Mkanda Niliopaka Mafuta

Siku ya mwisho ya likizo yangu, kabla sijarudi kikosini ng'ambo ya mpaka, nilishinda na Baba tukipaka grisi matela ya miwa. Gereji yake ni banda la mabati kando ya barabara ya Malava, na kila trekta la Kabras lenye kikohozi huletwa hapo. Saa tisa mvua ikanyesha, kama inavyonyesha kwetu karibu kila siku saa tisa, utake usitake. Mama akatuletea chai na mahindi ya kuchemsha, tukakaa tukitazama maji yakipita mlangoni.

Baba akanyanyua panga lililokuwa limelala nje siku mbili tu. Lilikuwa limeshika wekundu.

"Unaona?" akasema. "Chuma inapendanga mafuta. Wewe ukirara, kutu hairari."

L na r kwa Baba ni ndugu wa tumbo moja, na mafuta kwake ni dini. Amezika matrekta mengi ya watu waliokuwa bahili wa mafuta, na kila moja analikumbuka kwa jina la mwenyewe. Jioni hiyo, nikifunga begi, akanipa kopo dogo lililozibwa kwa nailoni na mpira wa baiskeli.

"Ya bunduki yako," akasema. "Serikari inapeananga bunduki, lakini mafuta mzuri inatoka nyumbani."

Nilicheka, lakini nililibeba. Mama aliongezea ingokho, yaani kuku, iliyokaangwa kavu, ambayo haikufika hata Nakuru. Kopo lilifika.

Kambi yetu ilikuwa ndogo: ukuta wa magunia ya mchanga, mahandaki, lango moja, na pande zote vichaka vya miiba hadi macho yachoke. Tulikuwa ishirini na saba. Mimi nilikuwa namba mbili kwenye bunduki ya rashasha iliyolinda kona ya kaskazini. Namba moja, mwenye kufyatua, alikuwa Koplo Ekai, Mturkana mrefu wa maneno machache. Kazi ya namba mbili wengi huidharau. Mimi mwenyewe niliidharau, mpaka Ekai aliponikalisha chini na kunionyesha jinsi mkanda wa risasi unavyofanya kazi.

Nitaeleza kama alivyonieleza, maana bila hilo kisa changu hakina miguu.

Mkanda ule si kamba wala si ngozi. Ni pingili ndogo za chuma, kama pingili za muwa, na kinachoshika pingili moja na ya pili ni risasi yenyewe. Risasi hupita katikati ya pingili mbili kama msumari wa bawaba. Chomoa risasi moja, mkanda unakatika hapo hapo. Irudishe, umeunganika. Bunduki inapofyatua, chuma cha ndani huja mbele, kikaisukuma risasi kutoka kwenye pingili yake hadi kwenye mtutu. Pingili ikibaki bila risasi haina tena cha kuishikilia, inaanguka upande wa kulia. Ganda tupu linaangukia chini. Mkanda unaingia kushoto ukiwa mzima na hautoki popote ukiwa mkanda. Bunduki inaumaliza huku inautumia.

"Sasa hapa ndio watu hawajuangi," Ekai akasema, akafungua kifuniko cha juu na kunionyesha makucha mawili madogo. "Nani anavuta mkanda?"

"Si wewe?"

"Mimi nafinya tu. Moto ya risasi moja ndio inarudisha chuma nyuma, na hiyo chuma ndio inasukuma makucha, na makucha inavuta risasi ingine. Kila risasi inaita mwenzake. Nguvu ni hiyo tu, hakuna ingine. Mkanda ikiwa mzito, ama imejikunja, ama ni chafu, makucha inashindwa. Ikishindwa, bunduki inanyamaza. Ikinyamaza, sisi wote tunanyamaza."

Kazi yangu ikawa hiyo: kuushika mkanda kwa viganja viwili, ukiwa umenyooka, usawa wa mlango wa kuingilia risasi, nisiuvute wala nisiuache uning'inie. Na kabla haujaisha niunganishe wa pili. Niliipenda kazi hiyo. Nilikuwa fundi, mwana wa fundi, na kitu kinachojivuta chenyewe kwa nguvu yake chenyewe kilinifurahisha sana.

Handaki la jirani lilikuwa la Mutiso, wa Kitui, mcheshi kupita kiasi. Siku aliyosikia kwamba kwetu mvua hunyesha saa tisa, alidhani ninamtania.

"Kila siku? Saa tisa kamili? Kwani mnaipigia simu?"

"Haihitaji simu. Inajua njia."

"Makokha, wewe ni mwongo, lakini endelea."

Kila jioni akawa ananiomba nimsimulie mvua, kama mtu anayeomba kusimuliwa mechi. Nimweleze inavyoanzia msituni, harufu inayotangulia, watu wanavyokimbilia vibarazani. Aliapa kwamba likizo ijayo atapitia Kabras aje asimame nje saa tisa, na isiponyesha nimnunulie mbuzi. Nikakubali. Mbuzi yule nilijua sitamnunua kamwe.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Wiki ya pili, Ekai akiwa doria, niliyafungua masanduku yetu ya mikanda, nikaona pingili zimepauka. Mkono wangu ukakumbuka panga la Baba. Nikatoa kopo. Nikaitandaza mikanda juu ya turubai, nikaipaka mafuta pingili kwa pingili, mpaka ikang'aa. Upepo ulikuwa unavuma, kama kawaida ya kule. Nilijisikia fundi wa mafundi.

Ekai aliporudi alipitisha kidole kwenye mkanda mmoja, akakisugua na kidole gumba mbele ya uso wangu. Kilikuwa na uji mweusi wa mafuta na mchanga.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi, Koplo. Isishike kutu."

Alinitazama muda mrefu. Halafu akacheka, jambo lililokuwa nadra kwake.

"Mtu ya mvua," akasema. "Kwenu adui ya chuma ni maji. Huku ni mchanga. Mchanga inapendanga mafuta kuliko wewe. Inakuja inakaa, haitoki. Mkanda ya huku tunapangusanga kavu. Leta kitambaa. Panguza yote, mpaka mkono yako isikie chuma peke yake."

Mutiso aliposikia alikaribia kupasuka mbavu. "Kumbe hata risasi amezinyeshea!"

Nilipangusa siku nzima, kichwa kikiwaka kwa hasira. Mimi, mwana wa gereji, nifundishwe mambo ya chuma na mchunga mbuzi! Ndivyo nilivyowaza, na naliandika kwa aibu. Nilipofika sanduku la mwisho, nililifunga jinsi lilivyo, nikalisukuma chini ya mengine. Niliazimia kumwonyesha Ekai siku moja kwamba mafuta ya Baba hayakosi. Kisha masanduku mapya yakaletwa, yakapangwa juu yake, na mimi nikawa najiambia kesho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nililijua hilo tangu shuleni, ila nilidhani linahusu miguu ya wengine.

Walikuja jua likichomoza.

Kwanza makombora mawili, moja likapita, moja likaangukia jikoni. Halafu vichaka vya kaskazini vikaanza kutembea.

Ekai alikuwa tayari amelala nyuma ya bunduki. "Mkanda," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

Nikaushika. Akafyatua tano, akatulia. Nne, akatulia. Hakuwa na pupa. Pingili zilimwagika kulia kama mahindi yanayopukuchuliwa, maganda yakalia chini, na mkanda ukatembea viganjani mwangu kama kitu hai. Waliokuwa mbele walilala. Waliokuwa nyuma wakazunguka.

Sanduku la kwanza likaisha, nikaunganisha la pili. La tatu. La nne. Luteni alipita akiwa ameinama, akatupigia kelele kwamba helikopta zimeitwa, tushikilie kona kwa saa moja. Kona ile ikianguka, lango litaanguka, na lango likianguka hakuna atakayerudi kwao. Kila mtu kambini alilijua hilo.

La tano. La sita.

Nilianza kuhesabu yaliyobaki. Yalibaki mawili. Chini ya moja nililiona lile langu.

Sikusema.

Najua la kusema lilikuwa jepesi: Koplo, hilo la mwisho nililiacha na mafuta. Maneno machache tu. Nilikuwa na dakika nzima ya sanduku la saba kuyasema, tena zaidi ya dakika. Aibu ilinishinda kuliko hofu. Nikaomba Mungu helikopta zije kwanza. Hazikuja.

Nikauunganisha.

Mkanda ule uliingia, ukaliwa mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nilihisi uzito viganjani. Bunduki ikafyatua mbili, ikanyamaza.

Ekai akavuta mkono wa bunduki. Kimya. Akafungua kifuniko. Makucha yalikuwa yamejaa uji mweusi, risasi imekaa mshazari mlangoni. Alinigeukia mara moja tu, akajua, nami nikajua kwamba amejua.

Kule mbele nao walisikia kimya chetu. Wakainuka.

Hapo ndipo Mutiso alipopanda ukingo wa handaki lake.

Hakuna aliyemwamuru. Angeweza kubaki chini kama sisi. Alipiga goti juu ya magunia, mwili wote nje, akawafyatulia na bunduki yake ya kawaida, kushoto, kulia, kushoto, ili wadhani kona bado ina watu wengi. Wakageuza mitutu kwake. Alibadilisha magazini ya risasi akiwa juu pale pale. Nilimsikia akipiga kelele kwa Kikamba.

"Kata!" Ekai akaniambia. "Kipande kwa kipande!"

Nikachomoa risasi, mkanda ukakatika. Nikavua fulana, nikakifunika kipande cha urefu wa mkono, nikakisugua mpaka ngozi ya vidole ikachanika. Ekai alikuwa anachokoa makucha kwa brashi ya meno. Nikampa kipande. Akakilaza. Akafunga kifuniko.

Ikalia.

Sijasikia sauti tamu kama ile tangu nizaliwe. Nilikata kipande cha pili, nikapangusa, nikaunganisha kabla cha kwanza hakijaisha. Cha tatu. Cha nne. Nilikuwa nalia na kupangusa, napangusa na kuunganisha, na kila kipande nilichompa kilienda hadi risasi ya mwisho bila kukwama. Wale walioinuka wakalala. Halafu wakaanza kurudi nyuma kwa matumbo. Halafu wakainuka tena, ila safari hii migongo ndiyo iliyotutazama.

Walikimbia. Nasema walikimbia! Vichaka vilivyokuja vikitembea viliondoka mbio, na kambi nzima ikapiga yowe moja ambalo bado nalisikia. Helikopta zilipofika zilikuta kazi imekwisha. Ekai aliinuka, akaruka juu mara tatu, wima, kama wanavyoruka kwao, akiwa ameshika kipande cha mkanda kilichobaki. Kilikuwa na risasi kumi na moja.

Mutiso alikuwa amelala chali juu ya magunia yake, magazini tupu mkononi. Tulikuwa ishirini na saba. Tukawa ishirini na sita.

Ekai aliandika ripoti. Bunduki ilikwama kwa mchanga, aliandika, ikarekebishwa. Nilipotaka kusema aliniwekea mkono begani. "Mchanga ilikuwako," akasema. "Sijaandika uwongo." Hakulitaja tena mpaka nilipoacha jeshi.

Niliporudi Kabras nilipokewa kama mfalme. Baba alikodisha wapiga ngoma za isukuti kutoka Iguhu, akachinja fahali, na jirani zetu wote wakala obusuma, ugali wetu, mpaka wakalegea. Nisiseme uwongo, nilifurahi. Nilicheza. Tulikuwa tumeshinda, na kushinda ni kutamu. Kisha Baba akasimama na glasi yake, akawaambia watu: "Huyu kijana, chuma haiwezi mshinda. Mimi ndio nilimpatia mafuta!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama sahani.

Nilikaa na jambo hilo miaka sita. Nilirudi gerejini, nikaoa, nikapanga chumba Shirere, mjini Kakamega, mke wangu alipokuwa anasoma, tukarudi tena Kabras. Mvua iliponyesha saa tisa, nilitafuta kisingizio cha kuwa ndani.

Mwaka huu, siku moja ya mvua, Baba alikuwa anafunga kopo la mafuta kwa nailoni na mpira wa baiskeli, vile vile kama zamani. Nikamwambia yote. Alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza kufunga alilifungua tena, akalifunga tena.

"Kwa hivyo ni mimi nilikosea," akasema.

"Hapana, Baba. Wewe ulisema ya hapa kwetu. Mimi niliambiwa ya kule, nikakataa kusikia."

Akatazama maji mlangoni.

"Huyo mama ya kijana anajua?"

"Hajui."

"Sasa tunangoja nini hapa?"

Tulifika Kitui na jogoo mzima ndani ya kikapu, Baba akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mama yake Mutiso alikuwa akipepeta pojo. Mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mwanawe. Nilimwambia jina langu na ninakotoka. Alisimamisha ungo.

"Ni wewe wa mvua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa ananiambia kwa simu. Kuna mtu mmoja wa Kakamega, muongo sana, anasema kwao inanyesha saa tisa kila siku." Akamgeukia Baba. "Ni kweli?"

"Ni kweri, mama," Baba akasema. "Haikosangi."

Nikamweleza. Nilianzia pale kwa kopo, nikapita kwa sanduku nililoficha, kwa neno ambalo sikulisema, kwa kimya cha bunduki, mpaka kwa Mutiso juu ya magunia. Sikujitetea. Nilipomaliza nilipiga magoti, nikangoja laana, maana nilijua nimeistahili.

Jogoo akajikung'uta kikapuni.

"Mimi niliambiwa alipigwa akiwa kwa handaki," akasema hatimaye. "Nikasema, mtoto wangu alikufa amejificha. Miaka yote hii nasema hivyo. Sasa wewe unasema alipanda juu. Kuna mtu alimtuma?"

"Hakuna, mama. Alipanda mwenyewe."

"Na hao wengine walirudi kwao? Wangapi?"

"Ishirini na sita. Mimi ni mmoja wao."

"Ishirini na sita," akasema. Akainuka, akatoka uani, akapiga vigelegele vilivyonisimamisha nywele. Machozi yanamtoka, na vigelegele haviishi. Watu wakaanza kuja, kutoka shambani, kutoka dukani, wakiulizana kuna harusi gani. Aliwapanga kwenye mabenchi na mawe, wazee mbele. Wengine walipochelewa alituma waitwe.

Kisha akanishika mkono, akaniweka katikati. Nikavuta pumzi, nikaanza kuwaambia jinsi kijana wao alivyopanda magunia kona ilipokuwa karibu kuanguka. Akanipiga kofi dogo begani.

"La. Sio hapo. Tangu kwa mafuta."

Nilimtazama Baba. Akaitikia kwa kichwa. Nikarudi nyuma, nikaanza upya, mbele ya kijiji kizima, tangu kwa kopo.